Shule Tano za Udaktari na Mstari Mmoja Mtupu

Nianze na ubaya wangu, maana mazuri yangu watu waliyasema vya kutosha siku nilipovaa koti jeupe. Nilikuwa na kijicho. Sisemi kile kijicho cha kutamani gauni la mwenzako Jumapili moja kisha ukasahau. Changu kiliamka nami asubuhi, kikaenda nami shule, kikarudi nami jioni, na kilimlenga mtu mmoja tu: msichana wa nyumba ya jirani, pale Kapata, mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, niliyekaa naye dawati moja tangu tukiwa hatujui kushika kalamu.

Nyumba za Kapata kompani ya mgodi ilizijenga kwa safu, zote sawa, mlango sawa, dirisha sawa, hata ufa wa ukutani ulianzia mahali pamoja. Kwa hiyo mtu akitaka kumwonea jirani yake wivu ilimbidi atafute kitu kilichomo ndani. Mimi nilikipata upesi. Ndani ya nyumba yao kulikuwa na baba.

Na mimi baba nilikuwa naye, tena mtu mwema. Alikuwa anatoboa mwamba chini ya ardhi, na alirudi nyumbani na masikio yaliyojaa kelele za mashine. Ukimwambia umekuwa wa kwanza katika hesabu, anakutazama, anafikiri, kisha anauliza, "Umekula?" Baba yake yeye alikuwa karani katika ghala la vipuri. Alisoma kila kitu: magazeti ya kufungia samaki, maandishi ya kwenye magunia, vijikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa. Binti yake akileta daftari, analivua jalada la gazeti, anasoma daftari, kisha anasoma na jalada.

Sote wawili tulitaka udaktari. Miaka ya nyuma neno hilo lisingemshangaza mtu, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi wa kompani alizaliwa katika hospitali ya kompani, akasoma shule ya kompani, akala unga wa kompani. Lakini sisi tulifika darasa la mwisho wakati mbaya. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka, na baada yake kompani nayo ikaanza kuporomoka polepole. Mishahara ikachelewa, kisha ikawa hadithi. Vyuo vya nchi vilifungwa, vikafunguliwa, vikafungwa tena. Mtu aliyetaka mwanawe awe daktari, na hakuwa tajiri, ilimbidi aangalie ng'ambo, tena ng'ambo ya bei ndogo.

Hapo ndipo baba wa mwenzangu alipoanza kuandika barua. Aliandika kwa balozi, kwa mapadre, kwa mtu yeyote aliyewahi kusikia kwamba mpwa wake anasoma mbali. Majibu yalikuja kwa sanduku la posta, bahasha zenye stempu za ndege na za wafalme, na kila Jumapili baada ya misa alizitandaza mezani. Mimi nilikuwepo. Nilijifanya nimekuja kuazima chumvi, nikakaa mpaka jioni. Mwisho aliacha kuniuliza kuhusu chumvi, akanipa kalamu ninakili majibu kwenye karatasi safi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na wa binti yake ulikuwa wa kuku.

Zilibaki shule tano. Moja ilikuwa India, moja Urusi, moja Ufilipino, moja Romania, na ya tano ilikuwa kwenye kisiwa kimoja ambacho hatukukiona kwenye ramani ya darasani. Alizipima kwa maswali yake mwenyewe. Cheti chao, ukirudi nacho hapa, utaruhusiwa kumgusa mgonjwa au utatundika ukutani? Mwaka wa ngapi wanakupeleka wodini? Wanafundisha kwa lugha gani, na ya kujifunza kwa muda gani? Serikali ya huku ikianguka na pesa zisipofika, nani atakupa chakula? Na swali alilolipenda kuliko yote: je, wamewahi kuona malaria? Alisema shule isiyojua malaria itatuletea daktari wa kutibu baridi.

Urusi ilianguka kwa swali la nne. Alisema nchi yenyewe inavunjika kama yetu, na wavunjikiwa wawili hawawezi kubebana. India ilijua malaria vizuri, na bei yake ilikuwa nafuu kabisa, ila masomo yote kwa Kiingereza, na sisi Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu. Ufilipino hawakujibu barua ya pili. Romania hawakuwa na malaria nyingi, lakini walikuwa na idara ya magonjwa ya nchi za joto, lugha yao ni ndugu wa Kifaransa tulichosomea, na Wakongo waliosoma huko walirudi wakapewa kazi. Aliizungushia duara.

Ile ya kisiwani mimi niliipenda kwa moyo wote. Karatasi yake iling'aa. Kulikuwa na picha ya wanafunzi wamekaa kwenye majani wakicheka, na hakuna mtihani wa kuingia, na unaweza kuanza mwezi wowote. Niliisoma kama barua ya mchumba. Baba yule aliishika kwa vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kisha akaitupa upande. Mimi niliiokota, nikaificha ndani ya daftari langu, na wiki ile ile niliwaandikia kwa siri. Walinikubali kwa barua iliyofika mapema kuliko zote. Mama alipiga vigelegele. Mjomba wangu, aliyeuza samaki wa ziwa la Nzilo na wakati ule ndiye peke yake mwenye pesa katika ukoo, alikubali kulipa karo. Baba aliuliza kama huko kisiwani kuna chakula.

Mwenzangu alikubaliwa Romania. Alikuja kunionyesha barua, akanikumbatia, na mimi nikamkumbatia, na mkono wangu mgongoni mwake ulikuwa unataka kumfinya. Alama zake zilikuwa juu ya zangu kwa kila somo isipokuwa dini. Shule yake ilipimwa na mtu mwenye akili. Yangu niliiokota sakafuni, na nilijua.

Basi ikabaki tikiti ya ndege. Kompani ilikuwa na desturi yake ya zamani: mtoto wa mfanyakazi akikubaliwa na chuo cha ng'ambo, inamlipia safari ya kwenda. Zamani walikwenda hata saba kwa mwaka. Mwaka wetu likatoka tangazo kwamba Kapata nzima ina tikiti moja. Bila ile tikiti hakuna wa kwenda, maana hata mjomba na samaki wake wote asingeweza kununua ndege. Tulioomba tulikuwa sita. Wanne hawakuwa na barua ya chuo. Kwa hiyo walibaki wawili, yeye wa kwanza na mimi wa pili.

Mwaka huo huo ndio ulikuwa mwaka wa kufukuzana. Nieleze kwa wasiokuwapo. Watu wengi waliofanya kazi kwenye migodi yetu walitoka Kasai, au baba zao walitoka Kasai, na wengi wao walizaliwa hapa na hawakuwa wamewahi kuliona jimbo hilo. Kazi ilipopungua, wakubwa wakasema wao ndio waliotumalizia. Vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba. Watu tuliokula nao, tuliozika nao, wakaitwa kwa jina la wadudu. Makarani walifika kazini wakakuta kiti kina mtu mwingine. Familia zikabeba magodoro kwenda kituo cha treni, na treni haikuja.

Baba wa mwenzangu alikuwa mtu wa Kasai. Mama yake alikuwa wa hapa hapa, wa Lualaba, na mwenzangu aliandikishwa shule kwa jina la babu mzaa mama. Mpango wa nyumba ile niliujua, kwa kuwa waliniambia bila kunificha kitu: hata wazazi wakifukuzwa, binti atabaki kwa mama yake mdogo, kwa jina lile la babu, hadi siku ya ndege. Kilichohitajika ni kwamba mtu yeyote asiulize, na asiyeulizwa asiseme.

Na kweli watu hawakuuliza. Kila fomu ya wakati ule ilikuwa na mstari wa asili: si ulizaliwa wapi, bali baba yako ametoka mkoa gani. Kwa watoto wa namna yake, makarani wenye utu waliuacha ule mstari mtupu. Hakukuwa na amri. Mwalimu aliuacha, katekista aliuacha, nesi aliuacha. Ukiona mstari mtupu unapita kama mtu anayepita karibu na mlango wa bafu, macho mbele. Hata watoto walijua.

Mama wa ofisi ya ustawi, aliyeshughulikia mambo ya familia za wafanyakazi, alisali na mama yangu. Asubuhi moja aliniita. Mashine ya kupiga chapa ilikuwa haina utepe, na orodha ya waombaji wa tikiti ilitakiwa kubandikwa mlangoni na nakala kwenda kwa kamati. Alinipa fomu sita na karatasi kubwa, akasema nimwandikie kwa mwandiko wangu ule mzuri, jina, namba ya kazi ya baba, chuo, nchi, asili. Kisha akatoka nje, kwa kuwa kulikuwa na kelele za watu waliosubiri unga.

Niliandika watano. Fomu ya mwenzangu niliiweka mwisho. Mstari wake wa asili ulikuwa mtupu, tena yule mama aliuwekea nukta ndogo ya wino pembeni kuonyesha kwamba ameuona na ameuacha.

Watu wamenisaidia miaka yote hii kwa kutoniuliza, lakini mwenyewe nimejiuliza. Je, nilisahau? Sikusahau. Je, nilitishwa? Chumba kilikuwa na mimi na nzi. Nilikaa na kalamu kwa muda wa kutosha kuimba wimbo mzima wa kanisani. Niliwaza duara lile juu ya karatasi ya Romania. Niliwaza jinsi baba yake alivyokunja ile barua ya kukubaliwa, mara mbili, na kuiweka mfuko wa kifuani kama kitambulisho. Roho iliniuma mpaka meno yakaniuma. Kisha nikaandika, kwa herufi nzuri kuliko zote za orodha ile: Kasai ya Mashariki.

Yule mama alirudi akiwa na jasho, akatia saini bila kusoma, akabandika.

Kesho yake jina la mwenzangu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Mama wa ofisi aliniita ndani, akafunga mlango.

"Nani alikuambia ujaze pale?"

"Fomu haiachwi wazi, mama," nikasema.

Akaniambia niende. Tangu siku hiyo, kwenye kupeana amani kanisani, mkono wake uliruka wangu na kumshika wa jirani. Mama aliona, akaniuliza. Nilimwambia labda ana uchungu wa kazi.

Tikiti ikawa yangu. Kwao mambo yakaenda upesi. Sasa jina la mwenzangu lilikuwa mlangoni pa ofisi pamoja na asili yake, na mama yake mdogo hakuthubutu tena kumpokea. Vijana walikuja mchana, wakasimama mbele ya nyumba wakiimba, na baba yangu, aliyekuwa ametoka zamu, aliondoka kitandani akasimama kwenye mlango wao mpaka walipomaliza kufunga mizigo. Baadaye aliwabebea godoro hadi kituoni. Wakati mwingine namkumbuka hivyo, ili nisimdhulumu na yeye.

Kituoni walikaa wiki nyingi. Watu walilala kwenye mabehewa mabovu, kwenye madarasa ya shule ya karibu, chini ya maturubai. Watoto wachanga walizikwa pale pale upande wa pili wa reli. Mama alinituma na bukari, ule ugali wetu, na samaki, na nilikwenda nikiwa natembea kama anayepelekwa mahakamani. Nilifikiri mwenzangu atanirushia chakula. Lakini walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, yeye na baba yake, na baba alikuwa anamsomea kitabu cha kemia kwa sauti ndogo, kwa kuwa alisema treni ikija na shule itakuja. Hata pale, kwenye vumbi lile na harufu ile, mwenzangu hana nyumba, hana tikiti, hana mkoa, niliwatazama nikaona wivu. Nasema kama ilivyokuwa.

Yule baba aliniona, akasimama, akapokea chakula kwa mikono miwili. Akafungua begi akatoa faili la kadibodi: barua zote, majibu yote, nakala zangu nilizoandika mezani kwake, na karatasi yenye duara.

"Mama, kamata hii," aliniambia. Alizoea kuniita mama, kama wanavyofanya watu wazima kwa mtoto wa kike wanayemheshimu. "Ile ya kisiwa haiko shule ya kweli. Mi niliuliza. Haina hata hospitali. Andikia bale ba Romania, bambie unaomba fasi. Ticket yako itakufikisha kule vilevile."

Nilisema ahsante, tata, kama tunavyomwita baba. Mwenzangu alikuwa anatazama reli.

Nilirudi nyumbani nimelikumbatia lile faili, na nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu. Hajui, nilijiambia. Angejua asingenipa. Siku hiyo hiyo niliandika Romania. Nafasi iliyokuwa wazi walinipa mimi, nami nadhani najua iliachwa wazi na nani.

Ya huko sitayasimulia marefu. Nililia mwaka mzima wa lugha. Nilipika maharage kwenye birika la umeme. Mjomba alituma karo mpaka samaki walipoadimika, kisha nikaosha sakafu za hospitali ile ile niliyojifunzia. Lakini walimu walijua kazi yao, wodini tuliingia mapema, na idara ya magonjwa ya joto ilikuwapo kweli, ghorofa ya tatu, na profesa mmoja aliyewahi kuugua malaria mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kama kilivyopimwa pale mezani. Na ile ya kisiwani? Nilikutana na mtu aliyepitia huko. Anauza simu.

Nilirudi Kolwezi. Nimeunganisha mifupa ya wachimbaji wa Kasulo walioangukiwa na udongo kwenye mashimo waliyochimba kutafuta madini chini ya vyumba vyao wenyewe, nimezalisha, nimezika. Nimeolewa, nina kijana mmoja. Wagonjwa wananishukuru, na kila wakinishukuru kuna kitu ndani yangu kinasema, si wewe uliyestahili. Nimekizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mwaka jana simu ililia. Mama yake mdogo, ambaye bado yuko hapa, alikuwa amempa namba yangu. Sauti sikuitambua mpaka alipocheka. Anaishi Mbujimayi, huko Kasai, anafundisha kemia. Chuo cha udaktari hakukiona, alisema hilo kwa sentensi moja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Baba yake alifariki zamani. Alichotaka ni msaada: binti yake amemaliza shule na anataka udaktari, pesa ni kidogo, na wamepata vyuo viwili vya bei nafuu huko China. Hawajui kipi ni kipi. Mimi ndiye daktari anayemjua aliyesoma ng'ambo. Angenitumia karatasi zao nizipime?

Alizituma. Alituma pia alama za bintiye. Nilizifungua mezani kwangu. Zilikuwa nzuri kuliko za kijana wangu, ambaye ameshindwa mtihani mara mbili na sasa anasema anataka kufanya muziki. Sikumjibu siku hiyo. Sikumjibu siku ya pili. Umri huu, na mvi hizi, na lile lile.

Siku ya tatu nilimpigia, na kabla sijataja China nilimwambia. Nilimwambia ofisi, fomu sita, kalamu, mstari. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kujitetea. Upande wa pili nikasikia anavuta kiti.

"Mi najua," alisema. "Tata alijua tangu ile asubuhi. Aliona mwandiko yako pa mulango. Alisema, huu ni wa ule mutoto wa jirani."

Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini alinipa faili.

"Mama alimugombeza sana sababu ya ile dossier. Yee alisema, ticket ni moya, na wetu haende tena. Sasa ule mutoto naye apotee pa kisiwa, itamusaidia nani?"

"Na wewe?"

"Mi nilikuchukia. Miaka mingi. Hata leo, kidogo. Yee hapana."

Tulizungumza kuhusu China. Nilimwambia chuo cha pili ndicho kizuri, na ni kweli ndicho kizuri, nilichunguza. Akanishukuru, akaniita daktari, akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Nilidhani nikishasema nitalia, au nitapumua. Badala yake ulikuja wivu, ule ule, mzima, kana kwamba bado nimekaa mezani kwao Jumapili nikijifanya nimekuja kuazima. Baba yake alijua, na akanipimia shule nzuri. Tikiti niliweza kumpokonya mwenzangu. Yule baba alibaki wake.